Rola Tatu za Waya

Guangzhou,
21 Oktoba 2024

Mdogo wangu Felisia,

Barua hii ikikuta nyumba imetulia nitashukuru. Mimi sina homa wala kikohozi, na chakula kinapita. Msalimie Mama. Mwambie dawa ya goti aliyoniagiza nimempa Kissa pamoja na barua hii. Apakwe jioni, asiioshe mpaka asubuhi. Shemeji Kasmir naye umpe salamu, na pole ya kahawa iliyonyeshewa ikiwa imeanikwa. Binti yangu ameniambia kutoka Dodoma kwamba ulimtumia mahindi mabichi. Ahsante sana, maana tangu mama yake afariki wewe ndiye unayekumbuka vitu kama hivyo.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati jana Jumapili tuliongea. Jumapili Mama huweka simu kwenye spika, na kila anayepita uani anasimama kunisikiliza. Kila wiki tunaongea na kila wiki hatusemi kitu. Kissa, yule mfanyabiashara wa Mbeya anayenunua nguo kule Liuhua, anaondoka Alhamisi. Akifika ataiweka barua kwenye basi la Songea, na kutoka hapo Mungu ataisukuma.

Kazi ni ileile. Wenzetu wakinunua vifaa vya umeme, mimi naenda stoo kabla havijafungwa kwenye kontena. Nafungua boksi moja hapa na moja pale, naangalia kama shaba ni shaba kweli. Wiki iliyopita nilimkatalia laubani mmoja, ndivyo tunavyowaita mabosi wa hapa, mzigo mzima wa soketi. "Meyou, meyou," akasema, yaani hakuna, hakuna kasoro. Nikamfungulia soketi moja mbele yake, nikamwonyesha bati lililopakwa rangi ya shaba. Akacheka, akaniletea chai.

Karibu na ninapokaa kuna chuo cha ufundi. Saa kumi jioni wanafunzi wanatoka na sare zao za bluu na nyeupe, umri wa miaka kumi na sita, kumi na saba, kumi na tisa. Huwa nasimama kuwatazama kama mtu anayesubiri basi. Lugha yao siielewi, lakini ninajua wanachosema. Mmoja ana njaa, mmoja anamcheka mwenzake, mmoja anajifanya hamwoni msichana ambaye ndiye pekee anayemfikiria.

Alhamisi nilikuwa Pazhou, kwenye yale maonyesho makubwa ya biashara. Mteja wangu wa Dar alitaka nimwangalizie sakiti breka. Kwenye meza ya jirani alisimama kijana mmoja wa kwetu, amenipa mgongo, anapima kifaa kwa testa. Mkono wa kulia ulikuwa unafanya kazi, wa kushoto umo mfukoni. Felisia, hiyo ni sheria ya karakana yangu. Ukishika kitu chenye umeme, mkono mmoja uufiche, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Miaka ishirini na miwili niliwapigia kelele watoto wa watu kwa sheria hiyo.

Alipoanza kugeuka mimi nilikuwa nimeshageuka. Nilishuka ngazi mpaka kwenye treni, nikamwacha mteja peke yake katikati ya ukumbi. Baadaye nikamwambia tumbo lilinishika.

Nina swali dogo. Mama Sesilia wa jumuiya yenu yupo bado? Na mwanawe Aloyce siku hizi anaishi wapi? Nauliza tu.

Ni mimi kaka yako,
Sostenes


Mbinga,
4 Desemba 2024

Kaka Sostenes, shikamoo.

Barua yako ililala wiki nne kwenye ofisi ya mabasi Songea kwa sababu karani aliitumia kuegemeza dirisha. Imefika na alama ya kitasa, lakini inasomeka.

Sisi tunaendelea. Mvua imeanza, tumepanda mahindi kwenye mashimo ya ngoro ya mwaka jana, na kule juu kwa marehemu baba udongo umekuwa mweusi kama zamani. Kasmir anakusalimu, anasema kahawa ilikauka hatimaye, ila daraja lake halikuwa zuri. Mama alipaka dawa yako siku mbili, ya tatu akatangaza kwamba goti limepona, ya nne akaenda kwa miguu mpaka parokiani, ya tano tukawa tunambeba. Sasa anapaka kwa utii.

Mkuu mpya wa chuo chako cha zamani alinisimamisha sokoni. Ni mama wa makamo, ametoka Njombe. Akaniuliza, "Wewe ndiye dada wa Mwalimu Sostenes wa umeme?" Nikasema ndimi. Akasema mwalimu wa umeme waliyempata amehamia kwenye migodi, na wanafunzi wa Levo ya Pili wanafundishwa na mwalimu wa useremala anayesoma kitabu usiku ili awasomee asubuhi. Akaniuliza kwa nini uliacha. Nikamjibu kama unavyotujibu sisi wote, kwamba mshahara haukutosha. Akanitazama akasema, "Mshahara haujawahi kutosha. Watu wanaacha kwa sababu nyingine."

Nilirudi nyumbani nikiliwaza neno hilo. Mwaka 2018 ulirudi siku ya Jumatano na madaftari yako kwenye mfuko wa mbolea, ukayaweka juu ya kabati, na Alhamisi hukwenda kazini. Hujawahi kuyashusha. Nilidhani ni msiba wa wifi uliokurudia. Ulikuwa ni nini, kaka?

Kuhusu Sesilia, yupo, mzima.

Mdogo wako,
Felisia


Guangzhou,
19 Januari 2025

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya, na pole kwa kumbeba Mama. Hapa mji unaanza kufungwa kwa sikukuu yao ya mwaka. Stoo zimefungwa, watu wamebeba masanduku kwenda kwao, na hapa Dengfeng tumebaki wageni tupu, Watanzania, Wakongo, Waethiopia, tunatazamana. Sina kazi kwa wiki mbili. Ndiyo maana leo nitakujibu.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Uliuliza habari ya kazi yangu kwa mistari ishirini, na habari ya Sesilia ukaijibu kwa maneno manne. Sikulaumu. Mimi nimekudanganya miaka sita.

Unakumbuka mwaka 2015 ziliibiwa rola tatu za waya kwenye stoo ya karakana. Zilikuwa za mtihani. Wanafunzi thelathini na mmoja wangefanya mtihani bila waya. Jioni ya siku ile nilikuwa narudi kuchukua koti langu, nikamwona mtu anakatiza nyuma ya karakana, amevaa sweta jekundu, amebeba kitu chini ya mkono. Giza lilikuwa linaingia. Aloyce alikuwa na sweta jekundu. Alikuwa pia mwanafunzi wangu bora, mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu, na msumbufu. Mtu wa miaka kumi na nane unamjua: ndevu tatu, njaa ya watu watatu, na jibu kabla hujamaliza swali. Mwezi ule alikuwa amenichosha.

Kwenye kikao mkuu wa zamani aliniuliza, "Mwalimu, ulimwona?" Nikasema, "Nilimwona." Akauliza, "Uliuona uso?" Nikasema, "Niliuona uso wake kwa macho yangu."

Sikuuona. Niliona mgongo na sweta. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na hakika, na kwa sababu mgongo usingetosha kumfukuza mtu. Aloyce alikuwa amesimama palepale ofisini. Akafukuzwa siku ile, miezi mitatu kabla ya kumaliza. Jumapili yake Sesilia alinisimamia mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu, akasema mwalimu aliyemsingizia mwanawe hatapata usingizi mpaka kaburini. Ulikuwepo.

Miaka mitatu nililala vizuri tu. Halafu 2018 mafundi wakaja kubadilisha dari la ofisi ya mtunza stoo, na juu ya dari wakakuta rola mbili za waya, zimefungwa gunia, na lebo zetu. Ofisi ile ilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo alikuwa nao mtunza stoo, ambaye wakati huo alishahama mkoa. Mkuu akasema, "Basi, mambo ya zamani hayo," waya ukarudi stoo. Mimi nikaelewa kwamba mwizi alikuwa mtu mwenye ufunguo, na kwamba nilimfukuza mtoto asiye na hatia kwa uongo wangu.

Siku iliyofuata niliingia darasani. Walikuwa vijana ishirini na wanane. Nikageukia ubao niandike, nikasikia mmoja nyuma anacheka, nikageuka nimkemee, na sikuweza. Niliwaza, nani nitamtolea ushahidi wa uongo tena leo? Niliwapa zoezi nikatoka. Ile ndiyo Jumatano uliyoiona.

Yule niliyemwona Pazhou ni Aloyce. Nina hakika, ingawa unajua sasa hakika yangu ina thamani gani. Nimevuka bahari, na bado nimemkimbia.

Felisia, nataka kumwomba msamaha. Niambie anapatikana wapi. Kama mama yake hataki kulisikia jina langu, nitaelewa.

Sostenes


Mbinga,
30 Machi 2025

Kaka, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara tatu, na mbili nimezitia motoni. Hii nayo ni fupi kwa sababu Kissa anasubiri, anawahi maonyesho ya Aprili.

Mama mzima. Tunachimba ngoro mpya kwa ajili ya maharage. Kasmir alijikata kidole na kimepona.

Baada ya barua yako sikwenda jumuiya wiki mbili. Halafu nikaenda nyumbani kwa Sesilia mchana, nikamkuta anapepeta. Nikamwambia yote uliyoniandikia. Sikumsomea, nilimwambia kwa mdomo. Aliacha kupepeta akakaa chini. Kuku wakala alichokuwa anapepeta. Kuna neno kati yangu na yeye ambalo nilimwahidi, na leo siwezi kulisema kwa sababu si langu. Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini nenda.

Aloyce ana duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Anakuja huko mara mbili kwa mwaka. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Sesilia amesema hivi, na ndivyo nilivyopewa niseme: "Mwambie Mwalimu aende akaongee na Aloyce mwenyewe. Na asianze kulia kabla mtoto hajasema."

Nenda, kaka. Safari hii usishuke ngazi.

Felisia


Guangzhou,
28 Aprili 2025

Felisia mdogo wangu,

Leo salamu zitakuwa chache. Mama, Kasmir, wote, nawasalimu kwa pamoja, na nyumba, na kuku wa Sesilia.

Nilimpigia Aloyce tarehe kumi na sita. Nilisema, "Ni Mwalimu Sostenes." Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Uko Guangzhou?" Nikasema nipo, nakaa Dengfeng. Akasema maonyesho yanambana mpaka Jumamosi, tuonane Jumapili. Jumapili yenyewe ilikuwa Pasaka. Nilikwenda misa kwenye lile kanisa kubwa la mawe ambako tunasali sisi Waafrika, na kama unataka ukweli sikumbuki hata somo.

Tulikutana kwa mama mmoja wa Arusha anayepika ugali ghorofa ya pili, hapahapa Dengfeng. Ilikuwa saa saba mchana, pamejaa watu. Aliingia nikamtambua mlangoni. Amenenepa, ana kipara kidogo kinachoanza mbele, ana miaka ishirini na minane na anatembea kama mtu mwenye duka. Akaniinamia, akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikashindwa kungoja chakula.

Nikamwambia, "Aloyce, nimekuja kukuomba msamaha. Mwaka ule nilisema niliuona uso wako. Sikuuona. Niliona mgongo na sweta jekundu, gizani. Nilidanganya kikao, na wewe ukafukuzwa."

Akanitazama. Akasema polepole, "Mwalimu, kumbe hukuniona?"

"Sikukuona."

"Hata kidogo?"

"Uso, hata kidogo."

Akaegemea kiti. Akafunika macho kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na nikakumbuka neno la Sesilia, nikajizuia. Alipoondoa mkono nikaona anacheka. Si kicheko cha dharau, Felisia. Ni kile cha mtu aliyetafuta kitu mwaka mzima akakikuta mfukoni.

"Miaka kumi," akasema, "miaka kumi nimejiuliza yule mzee alikuwa amesimama wapi. Nilizunguka nyuma ya karakana, nilikaa kwanza kwenye majani nikaangalia kila upande. Hapakuwa na mtu. Halafu ofisini nasikia umeniona uso. Nikasema huyu mwalimu si mtu wa kawaida."

Nikamwambia sielewi anachosema.

"Ni mimi, Mwalimu. Waya niliiba mimi."

Nikamwambia asinifariji. Nikamweleza habari ya rola mbili za darini, na ufunguo, na mtunza stoo.

"Zile mbili nilizificha mimi," akasema. "Nilitaka nizirudie baadaye. Ile moja ndiyo niliyobeba, nikaiuza kwa fundi mmoja wa stendi."

"Ofisi ilikuwa imefungwa. Ulipitaje?"

Akashusha macho, akawa tena wa miaka kumi na nane. "Darini, Mwalimu. Nilipandia darasani kwetu nikatembea juu ya mbao mpaka stoo. Wewe ndiye uliyetufundisha kutembea darini bila kutoboa silingi. Ulisema fundi mzuri hasikiki."

Mama wa ugali alileta sahani wakati huo, na nashukuru, kwa sababu sikuwa na uso wa kumwonyesha mtu. Nilinawa. Nilikula. Sijui nilikula nini. Najua tu kwamba chakula kilishuka mpaka chini, mahali ambapo kwa miaka sita hakikuwa kinafika.

Nilimuuliza aliiba kwa ajili gani. Nilitegemea aniambie njaa, au mama mgonjwa. Akasema ni kwa ajili ya simu. Kulikuwa na msichana wa darasa la ushonaji, alitaka simu yenye kamera. Simu ilinunuliwa, na msichana akaolewa na polisi wa Songea. Tukacheka wote wawili, mpaka mama wa Arusha akauliza tunacheka nini na sisi tukashindwa kumweleza.

Lakini usidhani mambo yaliisha kwa kicheko. Alipomaliza kula alisema jambo, na nakuandikia kama alivyolisema, nisije nikalipunguza.

"Kufukuzwa sikukasirika, Mwalimu. Nilijua nimeiba. Nilikasirika kwa sababu ofisini ulizungumza habari zangu kama mtu asiyekuwepo. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako. Hukunitazama. Ungenitazama ukasema, 'Aloyce, ni wewe?' ningesema ndiyo. Nilikuwa nangoja uniulize. Nilikuwa nimeshachoka kuficha."

Nikamwambia, "Hilo ndilo kosa langu, na hilo naomba unisamehe."

Akasema, "Hilo nimekusamehe kwenye simu, ulipotaja jina lako mwenyewe."

Felisia, sikumsingizia. Nilidanganya, na uongo wangu ukaangukia kwenye kweli kwa bahati tu, si kwa haki. Najua tofauti yake, na sitajisifu. Lakini mtoto niliyemfikiria kila siku kwamba nimemharibia maisha bila kosa, hayupo, hajawahi kuwapo. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka karibu na stesheni ya treni, mwendo wa saa nzima, jua kali, na nilikuwa nasikia miguu yangu kama ya mtu mwingine, miepesi.

Kuna moja bado. Aloyce hana cheti. Anauza vifaa, lakini kuvifunga kwa leseni yake mwenyewe hawezi, anawategemea wengine. Aliniambia kwa aibu kwamba mada ya mota aliikosa, kwa kuwa tulikuwa hatujaifikia alipofukuzwa. Basi wiki iliyopita, kila asubuhi kabla stoo ya mizigo ya Zubeir haijafunguliwa, tulikaa nyuma tukafundishana. Zubeir ni Mzanzibari, mtu mwema, alituazima mota ya mashine ya kusaga iliyokuwa inasubiri kontena. Niliandika kwenye kipande cha boksi kwa kalamu nene. Siku ya nne Aloyce aliunganisha nyaya zote peke yake. Nilimwambia akague mara mbili. Akakagua mara tatu, akaweka mkono wa kushoto mfukoni, akabonyeza. Mota ikazunguka. Zubeir akapiga makofi. Mimi nilisema tu, "Zima. Fungua. Anza upya," maana ndivyo ninavyosema. Nilikuwa nimesahau kwamba napenda kuyasema maneno hayo.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya mkuu wa chuo. Haijafungwa, isome. Nimemweleza nilichosema kwenye kikao na nilichoona kweli. Nimeomba iwekwe kwenye faili langu. Mpelekee kwa mkono wako.

Kaka yako aliyepumzika,
Sostenes


Mbinga,
25 Mei 2025

Kaka yangu, shikamoo.

Mama anakusalimu kwa namna ya pekee, kwa sababu nilimsomea barua yako yote. Nilikusudia kuruka sehemu, lakini ananijua nikiruka. Tulipofika pale pa msichana wa ushonaji alicheka mpaka akasahau goti. Halafu akasema, "Kumbe mwanangu alikuwa mgonjwa miaka yote hii na mimi nilimuuliza habari za chakula tu."

Sasa na mimi niseme langu. Neno lile nililomwahidi Sesilia ni hilohilo alilokwambia Aloyce. Nililijua tangu mwaka 2017. Aloyce alimpigia mama yake kutoka Dar akamwambia kweli. Sesilia akaja kwangu akilia, kwa sababu alikulaani mbele ya kanisa zima na laana yenyewe haikuwa na mahali pa kukaa. Aliniomba nisimwambie mtu, hasa wewe. Aliogopa jumuiya. Nikamwonea huruma, nikaahidi. Na nilijiambia, kaka anajua alichokiona, hana haja ya kuambiwa. Ulikuwa na hakika mno. Ningejuaje kwamba mwaka mmoja baadaye wangeokota waya darini, nawe ukajihukumu? Uliniambia mshahara.

Ungesema neno moja, ningevunja ahadi siku hiyohiyo. Na mimi ningesema neno moja, usingeacha kazi. Tumekaa miaka sita, watu wa nyumba moja, na maneno mawili, kila mmoja amelalia lake. Nilimkasirikia Sesilia, nikakukasirikia wewe, kisha nikaona wa tatu ni mimi. Nisamehe. Sesilia anaomba umsamehe naye. Jumapili iliyopita alisimama kwenye jumuiya, bila kuombwa na mtu, akaeleza mwenyewe. Mwanamke mmoja akaanza kuimba, na sisi tukafuata. Alirudi nyumbani mwepesi. Jana nilimwona anabishana bei ya dagaa kama zamani.

Barua ya mkuu niliipeleka. Aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Nilikuwa tayari aseme lolote. Akaniuliza, "Huyu ameandika haya bila kulazimishwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nitaiweka kwenye faili. Ni kosa, na nitamwambia uso kwa uso kwamba ni kosa." Akavua miwani. "Muhula wa Julai unaanza tarehe nane. Atakuwa amefika?"

Nikamwambia sijui, nitakuuliza. Kaka, nakuuliza.

Amesema pia kwamba Aloyce anaweza kufanya mtihani wa Levo ya Tatu akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, mwezi wa kumi na moja. Nimempelekea Sesilia habari hiyo kabla ya kufika nyumbani.

Dirisha la chumba chako lilikuwa limekwama. Kasmir amelifungua.

Mdogo wako,
Felisia


Guangzhou,
15 Juni 2025

Felisia,

Nimepokea. Sina la kukusamehe ambalo hujanisamehe wewe kwanza, kwa hiyo tuliache hapo, tukionana tutalimaliza kwa chai. Mwambie Sesilia laana yake nimeirudisha bila kutumika. Mwambie Mama nitamletea dawa nyingine ya goti, na safari hii nitampaka mimi mwenyewe.

Nimemwambia mteja wangu wa Dar atafute mkaguzi mwingine. Alisikitika, akaniongezea ahadi nyingi, nikamshukuru. Nitaruka tarehe ishirini na nane. Aloyce atanipokea Dar, na tutakuja wote mpaka Mbinga, maana anataka kumwona mama yake, na anataka nimwonyeshe mada ya mwisho njiani. Mwambie mkuu kwamba tarehe nane nitakuwa mlangoni mwa ofisi yake kabla hajafika, anikemee akiwa bado na nguvu za asubuhi.

Jana nilikwenda Liuhua na Kissa. Nilitaka koti la karakana, la bluu nzito, lenye mifuko miwili mikubwa, kwa sababu langu la zamani niliwaachia panya. Tulizunguka masoko matatu. Hatimaye dada mmoja akatoa lenyewe, kitambaa kizuri, mshono mara mbili. Nikalivaa, likanikaa. Nikatoa kidole kimoja, kwamba nataka moja. Akatikisa kichwa. Kissa akaongea naye Kichina kile chake cha sokoni, wakabishana, akanigeukia. "Kaka, hapa ni jumla. Hawauzi moja. Wanauza kuanzia dazeni."

"Mwambie mimi ni mtu mmoja."

Akamwambia. Yule dada akanitazama, akasema kitu, Kissa akacheka. "Anauliza, wewe kazi yako nini?"

Nikasema, "Mwambie mwalimu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita kuitaja kama kazi yangu. Kissa akatafsiri. Dada akafungua mikono kama mtu anayeonyesha jambo lililo wazi, akasema neno refu, na Kissa hakuhitaji kunitafsiria.

Nimenunua dazeni. Moja ni langu. Sijui vipimo vya wanafunzi, kwa hiyo nimechukua makubwa. Kwa umri wao watayajaza kabla ya Krismasi.

Nakuja nyumbani.

Sostenes